Sabuni ya maji: uzito wake si nguvu yake

MAMA anayenunua sabuni ya maji huanza kwa kuinamisha chupa. Ikitiririka kama maji, anairudisha. Ikishuka taratibu kama asali, anatoa pesa. Kuanzia Daudi, wilayani Mbulu, hadi Dar es Salaam, wanunuzi wengi wana kipimo hicho hicho.

Watengenezaji wanalijua hilo. Vikundi vingi vya akina mama na vijana hupika sabuni hii kwa mtaji wa kuchangishana au wa mkopo, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa wanaofundisha kazi hiyo. Pipa moja likiharibika, ada ya mtoto imekwenda nalo. Na mara nyingi kinachoharibu ni chumvi.

Chumvi inafanya nini?

Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia na kupenda mafuta. Ndani ya maji, chembe hizo hujikusanya, mikia ikijificha katikati na vichwa vikibaki nje. Mkusanyiko huo wanakemia huuita miseli. Mwanzoni huwa kama vidonge vidogo vya mviringo vinavyopishana bila kugusana, ndiyo maana sabuni huwa nyepesi.

Ukitia chumvi, vichwa vilivyokuwa vikisukumana hutulia na kukaribiana. Vidonge hurefuka na kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana kama tambi kwenye sufuria. Hapo sabuni inakuwa nzito, ingawa hujaongeza hata tone la dawa ya kusafishia.

Lakini chumvi ina kikomo. Ukipita kiwango, nyuzi huanza kutoa matawi au kuwa fupi, na sabuni hurudi kuwa nyepesi. Ukizidisha zaidi, inakuwa na ukungu na hatimaye kujitenga. Wengi wakiona imelegea hudhani chumvi haijatosha, wanaongeza, na pipa linaharibika kabisa.

Mbona hulegea ukiibonyeza?

Sabuni iliyotulia kwenye chupa ni nzito, lakini ukiibonyeza ipite kwenye tundu dogo inatoka kwa urahisi. Msukumo huo hulaza nyuzi zote upande mmoja, nazo huteleza zikipishana. Ikifika kwenye sponji na kutulia, nyuzi husokotana tena na sabuni haikimbii. Zungusha chupa kisha uisimamishe ghafla: utaona viputo vikirudi nyuma kidogo, kana kwamba vimefungwa kwa mpira. Hizo ni nyuzi zinazovutana.

Hali ya hewa nayo ina mchango. Joto hufupisha nyuzi hizo. Sabuni iliyoonekana nzito asubuhi ya baridi ya Julai huko Mbulu inaweza kulegea jua la mchana likiipata, au ikisafirishwa kwenda sehemu za joto. Usiipime asubuhi tu.

Kwa anayetengeneza

Usijaribie kwenye pipa zima. Chota lita 1 ya sabuni ambayo haijatiwa chumvi. Yeyusha chumvi kwenye maji safi kwanza, kisha tia kijiko kimoja kimoja cha chai cha maji hayo, koroga polepole, subiri viputo vitulie, ndipo upime. Kipimo ni rahisi: jaza chupa karibu na mdomo, igeuze juu chini, hesabu sekunde ambazo kiputo kinachukua kupanda. Andika kila hatua. Sekunde zikianza kupungua, umepita kilele. Kwa lita 20, zidisha idadi ya vijiko kwa 20, lakini bakiza kidogo ukimalizie taratibu.

Kama chumvi imeshazidi, usiongeze nyingine. Changanya sabuni hiyo kidogo kidogo na nyingine ambayo haijatiwa chumvi.

Unaposhika asidi ya salfoniki au kostiki soda, vaa glavu na miwani, fanya kazi penye hewa, na watoto wasiwe karibu. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji; kamwe usimimine maji juu yake.

Kwa anayenunua

Uzito haukwambii kama sabuni itang'oa mafuta. Unaweza kuletwa na chumvi, au na unga wa CMC ambao hufanya maji yavutike tu. Jaribu hivi: chukua sabuni mbili, kijiko kimoja cha chai cha kila moja, kwenye mabeseni mawili yenye maji sawa. Paka sahani mafuta ya kupikia kwa kiasi kile kile, kisha osha moja baada ya nyingine. Sabuni itakayoosha sahani nyingi zaidi kabla ya kuanza kuacha utelezi ndiyo iliyokupa thamani ya pesa yako, hata kama ni nyepesi. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwenye lebo.

Mwisho, usiweke sabuni kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa bila kuiandika na kuificha juu. Mtoto haoni sabuni, anaona juisi. Akiinywa, usimtapishe, futa mdomo wake na umwahishe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe.