Kasri Lililopata Watu

Msafiri afikaye Orchha, mji wa kale wa Bara Hindi ulioasisiwa mwaka 1531 kando ya mto Betwa, huona makasri mawili yenye bahati mbalimbali. Jahangir Mahal, alilolijenga mfalme Bir Singh Deo, limebaki la kutazamwa tu, kwani watawala walihamisha makao yao mwaka 1783. Lakini kasri la malkia liligeuka hekalu la Ram Raja. Humo Rama huabudiwa akiwa mfalme, na polisi humpigia saluti kila siku. Mahujaji hulijaza.

Hilo ni funzo kwa wenye dhamana: jengo la kale hukarabatiwa kwa chokaa, bali huishi kwa watu. Tusiwafungie wananchi milango, kisha tukadai tunahifadhi.