"PITA NA VIATU TU!" Ukarimu au unafiki?

Msomaji wangu, wiki hii tuache kidogo mambo ya mapenzi na kuchunana mabuzi. Kuna jambo linalowakosanisha watu mlangoni kila siku ya Mungu na hakuna anayelisema kwa sauti. Mgeni akifika nyumbani kwa mtu, avue viatu au aingie navyo?

Kwa hapa Dar mchezo huu una maneno yake na wote tunayajua. Mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, anainama aanze kufungua kamba. Mwenyeji anamuwahi: "Aah, pita na viatu tu bwana!" Mgeni anajibu: "Hapana, acha nivue." Mwenyeji anazidisha: "Jamani si upite tu, kwanza ndani kwenyewe kuchafu!"

Hapo mgeni ujue moja, ndani si kuchafu. Ndani kumepigwa deki tangu alfajiri, vigae vinang'aa mpaka unayaona meno yako, na mama mwenye nyumba anaomba Mungu usimsikilize. Ole wako uamini ukapita navyo! Utapewa soda, utachekewa, lakini ukishakata kona tu unaanza kuchambuliwa kutoka kwenye soli mpaka kwenye ukoo. Mimi huo siuiti ukarimu. Huo ni unafiki, tena wa kumtega mtu. Kama hutaki viatu ndani kwako, mwambie mgeni. Hafi.

Wenzetu wa Pwani na Visiwani hawana maneno mengi katika hili. Mkeka ndiyo kiti, ndiyo meza, na wakati wa swala ndipo mahali pa kuswalia. Anayeswali anatakiwa awe mahali tohara, sasa utaukanyagaje mkeka huo na kiatu kilichotoka kuzunguka soko la samaki? Makubadhi yanaishia barazani, mtu anaingia na miguu yake, basi. Mtoto wa kule hahitaji kufundishwa, anakua anaona hivyo.

Kwa maoni yangu, sofa ndiyo iliyoleta balaa. Ukishakalia kiti kirefu na chakula kikawa juu ya meza, sakafu inageuka barabara, kila mtu anaona ni haki yake kupita na buti. Tunasahau kwamba ndani ya nyumba hiyo hiyo yupo mkazi ambaye bado anaishi sakafuni. Namzungumzia mtoto anayetambaa. Huyo sofa haimhusu. Yeye anaokota punje ya wali pale ulipopita wewe na kuitia mdomoni.

Na wewe ulipita wapi kabla ya hapo? Hebu tuambizane ukweli. Umeshuka daladala, ukakanyaga maji ya samaki pale Feri, ukaingia choo cha kulipia stendi. Na kama ni masika, unajua mwenyewe mambo ya mitaa yetu, mvua ikikolea wapo majirani wasio na haya wanaotapisha vyoo usiku, asubuhi wote tunaruka vidimbwi. Mayai ya minyoo ya tumbo, ile mirefu inayoitwa askaris, yanaweza kuvumilia kwenye udongo miezi na hata miaka, na njia yake ya kumpata mtu ni mdomo. Mwaka 2008 mtaalamu mmoja wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Arizona kule Marekani, Charles Gerba, alipima viatu vya watu. Katika soli 96 kwa kila 100 alikuta bakteria wa jamii inayoishi matumboni, dalili kwamba viatu vilikuwa vimepita kwenye kinyesi mahali fulani. Na huko ni Marekani, kwenye lami na mifereji iliyofunikwa!

Kuna watakaosema, "Mbona shuleni tulifundishwa tusitembee peku?" Ni kweli tulifundishwa, tena kwa sababu nzuri. Minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu ukikanyaga udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha inakwenda kukaa kwenye utumbo inanyonya damu mpaka mtu anapauka kama karatasi. Kwa hiyo kiatu kinakukinga na uchafu wa nje. Sasa kama kimekukinga na uchafu, maana yake uchafu huo umebaki kwake. Unauleta sebuleni wa nini?

Waliokuwepo wanasimulia kwamba miaka ya 1990, kompyuta zilipokuwa bado wageni waheshimiwa, ofisi nyingi ziliweka kibao mlangoni mwa chumba cha kompyuta: vua viatu. Mameneja na vitambi vyao walikuwa wanavua bila ubishi, wanaingia na soksi kama watoto wa chekechea. Yaani kompyuta ilipata heshima ambayo mtoto wako hapati!

Haya, nisijifanye kama hakuna tabu. Zipo. Kwenye nyumba zetu za kupanga, zile za vyumba sita na korido katikati, ukivua kiatu mlangoni umetoa tangazo. Dada aliyepanga peke yake akipata mgeni wa moka saa mbili usiku, nyumba nzima imeshasoma saizi na rangi, na kesho bombani kesi inasikilizwa. Halafu kuna wezi. Msibani ndiyo usiseme, unaacha kiatu kizuri pembeni ya jamvi, unarudi unakuta kandambili za mguu mmoja, zote za kushoto.

Kuna na aibu ya soksi. Mtu katoka kutwa nzima kwenye joto la Dar, kidole gumba kinachungulia nje, na harufu nayo inabisha hodi yake. Mgeni kama huyo akikataa kuvua, tafadhali usimwite mjeuri. Anajistiri.

Lakini kinachonikera zaidi ni wale wanaoligeuza hili kuwa sheria isiyosikia. Ninamfahamu mzee mmoja aliyetoka Morogoro kuja kumtembelea mwanawe hapa jijini. Mzee ana kisukari cha muda mrefu. Ugonjwa huo, kwa wasiojua, ukikaa sana unaua hisia za nyayo. Mtu anakanyaga sindano asijue, kidonda kinaoza kimya kimya, na wengi wameishia kukatwa mguu. Ndiyo maana madaktari wanawakataza wagonjwa hao kutembea peku hata ndani ya nyumba. Mkwe wake, binti msafi kweli kweli, akamwambia pale mlangoni, mbele ya majirani: "Baba, humu ndani hatuingii na viatu."

Mzee hakujieleza. Wazee wetu hawatangazi maradhi yao mlangoni. Alikaa kwenye ngazi na mkoba wake miguuni, akasema hapo hapo panamtosha, anapunga upepo. Alikaa mpaka saa moja jioni mwanawe aliporudi kazini. Kijana akadhani mkewe amemfukuza baba yake, binti akadhani mzee amemdharau, na nyumba ikawaka moto usiku ule.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni jozi moja ya viatu vya ndani, laini, vya kufunika vidole, ambavyo havijawahi kuonja barabara. Wajapani wana mpango huo toka zamani. Mlangoni pao pana sehemu ya chini ya kuachia viatu, sakafu ya nyumba imeinuliwa, na mgeni anakuta ndala za ndani zinamsubiri. Nyumba nyingi zina mpaka ndala za chooni peke yake, ukitoka unaziacha huko huko. Sisi tunashindwa nini kuweka kigoda mlangoni mzee akae avue bila kuyumba, na ndala safi mbili tatu pembeni?

Kijana alikwenda Kariakoo kesho yake akanunua. Nasikia mzee alizivaa, akazitazama sana, akamgeukia mkwewe kwa upole: "Na huko uani mama, niende na hizi hizi au kuna zingine?"