Mpira Uliisha, Taa Ikazimika: Je, Sola Yenu Inatosha?



Mwaka jana nilikuwa kijiji kimoja mkoani Dodoma. Saa tisa usiku mama alikuwa anajifungua pale zahanati, mara taa pwaa, giza! Nesi akabana simu yenye tochi mdomoni, akaendelea na kazi. Bahati nzuri mtoto alizaliwa salama. Lakini fikiria: gizani nesi ataonaje kama mama anatoka damu nyingi mno?

Asubuhi kila mtu alisema, "Sola mbovu hiyo!" Wala haikuwa mbovu. Wiki nzima vijana walikuwa wamevuta waya wa TV kutoka hapo zahanati ili waangalie mpira. Hakuna aliyepiga hesabu. Haya, tupige sasa. Chukua kalamu.

Hatua ya 1: Umeme unaoingia
Soma kibandiko nyuma ya paneli. Tuseme ni wati 80. Hizo ni wati za jua kali, siyo za kutwa nzima. Asubuhi na jioni jua ni dogo. Kwa Dodoma, siku ya jua zuri ni sawa na kama saa 5 za jua kali.
80 × 5 = 400. Hizi tunaziita wati-saa.
Joto, vumbi, waya na betri hula sehemu yake. Toa kama asilimia 30. Zinabaki 280 kwa siku.

Hatua ya 2: Umeme unaotoka
Zidisha wati za kila kifaa kwa saa kinazotumika:
• Taa ya chumba cha kujifungulia: 10 × 12 = 120
• Taa nyingine tatu: 15 × 4 = 60
• Kuchaji simu mbili: kama 20
Jumla 200. Inatosha, na akiba ipo.
Sasa ongeza TV: 40 × 4 = 160. Jumla inaruka hadi 360!

Hatua ya 3: Betri
Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini ukipenda idumu, tumia nusu tu, yaani 600.

Ndiyo maana TV ilidanganya watu. Kila siku lilikuwepo deni la 80, betri ikalifidia kimyakimya. Hata ukianza na betri iliyojaa, usiku wa tano akiba haitoshi kufika asubuhi. Aliyelipa deni ni mama aliyekuwa kitandani.

"Je, masika?"
Swali zuri! Jua likishuka hadi saa 3 kwa siku, unapata 80 × 3 = 240, ukitoa asilimia 30 unabaki na 168. Hata ile 200 ya kawaida haitoshi. Taa ya kujifungulia na simu ni 140, kwa hiyo hizo kwanza. Taa nyingine ziwake kidogo tu.

Mnaweza kufanya nini?
• Futeni vumbi kwenye paneli, na kateni matawi yanayoitia kivuli.
• Bandikeni hesabu ukutani, karibu na swichi.
• Friji la chanjo liwe na sola yake. Msiunganishe kitu hapo.
• Mkitaka mpira, changeni mnunue paneli na betri za klabu.

Wiki hii nendeni zahanati yenu, mwombeni nesi ruhusa, msome kibandiko. Usiku wa leo anayejifungua anaweza kuwa dada yako.