Hakishuki, Hakishushwi, Hakishushiki: Vitenzi vya Kiswahili katika Kutambua Hitilafu za Kombaini

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kumwongoza fundi anayetafuta hitilafu katika mfumo unaodhibiti wenyewe kimo cha kichwa cha kombaini. Rubavu si nchi ya kombaini. Mashamba ya huko ni vipande vidogo vya udongo wa volkano vinavyolimwa viazi, karoti na vitunguu, ilhali mashine hii ni ya nyanda za ngano kama za Narok nchini Kenya na Basotu, wilayani Hanang, Tanzania. Hata hivyo, Gisenyi ni mahali pazuri pa kupimia mwongozo wowote unaokusudiwa kusomwa Afrika Mashariki nzima. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na katika mji huu wa mpakani hukutana kila siku na Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili cha Goma. Fundi wa Arusha husema breki, tairi na injini. Mwenzake wa Gisenyi amezoea feri, ipine na moteri. Nomino za ufundi hazivuki mpaka kwa urahisi. Vitenzi huvuka: anayejua kumanuka, kumanura na kumanurwa kwa Kinyarwanda hahitaji kueleshwa sana tofauti ya kushuka, kushusha na kushushwa.

Chini ya kichwa cha kukatia mna mikono ya chuma inayoburuzwa juu ya udongo. Mkono ukiinuliwa na tuta huzungusha kihisi, nacho hubadili volti inayopelekwa kwenye kompyuta ya mashine. Kompyuta hulinganisha volti hiyo na kimo alichochagua dereva, kisha hufungua vali ya haidroliki ili mafuta yakipandishe kichwa au yakiachie kishuke. Kichwa kikiwa juu mno huyaacha masuke yaliyolala. Kikiwa chini mno huchota udongo na mawe.

Dereva anaposema kichwa hakishuki, ametaja dalili tu. Fundi akisema hakishushwi, kauli ya kutendwa inamwelekeza kwa mtoa amri: kihisi, waya, kiungio chenye kutu au kompyuta yenyewe. Akisema hakishushiki, amri imetolewa lakini kichwa hakitii. Atazame vali, mafuta, au kufuli ya silinda iliyosahauliwa bila kufunguliwa. Jaribio la kuzitenga hali hizo ni jepesi: udhibiti wa kujiendesha uzimwe, kichwa kishushwe kwa swichi ya dereva. Kikishuka vizuri, msako uanzie kwenye vihisi. Nako kupandapanda na kushukashuka bila kutulia, ambako mara nyingi hutokana na wepesi wa mwitikio uliowekwa kupita kiasi, kunaelezwa na uradidi wa kitenzi pasipo haja ya kubuni istilahi.

Kitenzi kinachopotosha ni kurekebisha. Agizo "rekebisha kihisi" laweza kumaanisha kunyosha mkono uliopinda, kubadilisha kihisi kilichochakaa, au kuifundisha kompyuta upya vipimo vya juu na chini. Fundi akianza na hili la mwisho huku mkono umepinda, kompyuta itaupokea mpindo kuwa ndio ukweli, na hitilafu itakuwa imefichwa badala ya kuondolewa. Mwongozo unapaswa kutenga kunyosha au kubadilisha, kisha kupima, na mwishoni kusawazisha vipimo. Katika mashine nyingi volti ya kihisi huwa kati ya takribani 0.5 na 4.5, mkono ukiinuliwa polepole, ibadilike bila kuruka. Ikiruka, kihisi kimelika ndani, wala hakuna usawazishaji utakaokiponya. Kamati za istilahi, ambazo orodha zake hujaa nomino, zingefanya vyema kuviwekea mipaka vitenzi hivi kwanza.

Jambo hili si la usahihi wa lugha peke yake. Onyo "usishushe kichwa" humzuia dereva, basi. Mpira wa mafuta ukipasuka, kichwa hushuka bila kushushwa na mtu, na fundi yumo chini yake. Onyo linalofaa ni "hakikisha kichwa hakiwezi kushuka", kwa kuwa hilo haliwezi kutimizwa kabla ya injini kuzimwa na kufuli ya silinda kufungwa.