Wimbi la Mshtuko na Utando wa Seli

Matatu ya kutoka Satellite kwenda tauni ikifunga breki ghafla, waliosimama nyuma huwasukuma wa katikati, nao huwasukuma wa mbele hadi kwa dereva. Kila mtu amesogea kidogo tu, lakini msukumo umefika mbali. Basi wimbi la mshtuko ni msukumo wa namna hiyo, ila ni wa ghafla mno, tena hupita kasi ya sauti.

Sisi Wakenya tunalijua. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka penye ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Watu 213 walifariki hapa Nairobi. Wengi waliumia macho, maana walikimbilia madirishani waliposikia mlipuko mdogo wa kwanza, kisha vioo vikawarukia. Lakini wimbi lenyewe huweza kumdhuru hata asiyeguswa na kioo. Hupasua ngoma ya sikio na kuharibu mapafu.

Je, seli hupatwa na nini? Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye tabaka mbili. Ni mwembamba ajabu: ukipanga tando 200,000 ndipo utapata kama milimita 1! Wimbi huupita upesi hivi kwamba hakuna darubini iwezayo kufuata kila molekuli. Ndipo wanasayansi wakageukia tarakilishi. Humo huunda utando wa hesabu: kila molekuli ya mafuta na ya maji hupewa mahali pake na kani zinazoivuta. Halafu huachilia wimbi, na tarakilishi hupiga hesabu hatua kwa hatua, nani kaenda wapi.

Hesabu hizo zimeonyesha utando ukibonyea na maji yakijipenyeza. Pakiwa na kiputo cha hewa jirani, ni hatari zaidi: kiputo husinyaa ghafla na kurusha mchirizi wa maji unaotoboa tundu. Tundu dogo huweza kujiziba. Likiwa kubwa, seli hufa.

Hata hivyo, wimbi hilo hilo huponya. Tangu 1980, kule Munich, Ujerumani, madaktari hulitumia kuvunja mawe ya figo bila kupasua mtu. Watafiti wanajaribu pia kupitisha dawa katika vile vitundu vidogo. Yote ni kipimo, na kipimo ndicho tarakilishi inachosaidia kukitafuta, kabla ya kuhakikishwa maabarani.

Kwa hivyo, ndugu zangu, mkisikia mlipuko msikimbilie dirishani ati mwone. Laleni chini, mbali na vioo. Na aliyekuwa karibu aende hospitali, hata kama hatoki damu.