VPN Kwenye Simu ya Pesa: Nani Anashika Funguo za Handaki Lako?

Mteja mmoja alitupigia simu Jumatatu asubuhi akiwa na hasira, na alikuwa na haki. Anauza mitumba, na tumekubaliana naye tusitaje jina lake wala soko lake. Usiku wa Jumapili akaunti yake ilifunguliwa kwenye simu nyingine, na pesa alizokuwa ameweka za kununua robota zikahamishwa. Alituapia kwamba hakumpa mtu PIN. Tena, akasema, hata VPN alikuwa ameiwasha.

Tulikaa naye tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Wiki mbili kabla ya hapo, kwenye kikundi cha WhatsApp, alikuwa ametumiwa linki ya programu iliyoahidi intaneti bila bando. Ilijiita VPN. Haikutoka Play Store. Wakati wa kuiweka iliomba kusoma SMS, halafu ikaomba iwashwe kwenye mipangilio ya ufikivu, ile inayowasaidia watu wenye ulemavu kutumia simu. Akakubali zote mbili, kwa sababu alidhani ndivyo VPN hufanya kazi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Programu yenye ruhusa ya ufikivu inaweza kuona unachobonyeza kwenye skrini. Yenye ruhusa ya SMS inaweza kusoma kodi tunayokutumia unapoingia kwenye simu mpya. Sehemu ya pesa tuliizuia kabla haijatolewa kwa wakala. Iliyobaki haikurudi.

Tangu siku ile tumeulizwa na wateja wengi: je, VPN ni nzuri ama ni mbaya? Jibu letu ni kwamba inategemea nani anashika upande wa pili.

VPN hufanya nini hasa

Chukulia unatuma mzigo kwa basi kutoka Kisumu hadi Nairobi. Ukiuacha wazi, kila anayeushika njiani anaona kilichomo. Ukiufunga kwa kufuli, haoni kilichomo, lakini bado anasoma jina la duka unalolitumia. Hivyo ndivyo tovuti na programu nyingi za leo zilivyo: zile zenye https hufunga yaliyomo, ila mwenye WiFi bado anaweza kujua umetembelea tovuti gani.

Ukiwasha VPN, mzigo wako uliofungwa huwekwa ndani ya sanduku lingine, nalo linafungwa pia. Juu ya sanduku kuna anwani moja tu, ya kompyuta iliyo mbali inayoitwa seva. Njia hiyo kati ya simu yako na seva ndiyo watu huiita handaki. Mwenye WiFi ya hoteli ama ya saiba anaona masanduku yanaenda na kurudi, basi. Yakifika kwenye seva, sanduku la nje hufunguliwa na mzigo unaendelea na safari yake kwenye intaneti ya kawaida.

Sasa angalia vizuri. Yale ambayo mwenye WiFi hawezi kuyaona tena, mwenye seva anayaona. Hujayaondoa macho, umeyahamisha tu. Kama mwenye seva ni mtu usiyemjua aliyekutumia faili ya bando ya bure kwenye Telegram, umempa yeye nafasi ya kusimama katikati ya safari zako zote za mtandaoni. Anaweza kujaribu kukupeleka kwenye tovuti bandia. Simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti si salama, na wewe ukabonyeza endelea, amekushika.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2016, watafiti kutoka CSIRO ya Australia na vyuo vikuu vya New South Wales na California, Berkeley, walichunguza programu 283 za Android zinazotumia ruhusa ya VPN. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 18 zilijenga handaki bila kufunga chochote, yaani sanduku lilikuwa wazi. Rahisi ni ghali, na ya bure wakati mwingine ni ghali zaidi.

Mahali VPN haifiki

Ukipiga ile kodi ya kuanza na nyota na kumalizia na #, ombi lako halipiti kwenye intaneti. Linapita kwenye mitambo ya mtandao wa simu wenyewe. SMS za kawaida ni vivyo hivyo. VPN haizigusi, haizilindi, wala haiziharibu.

VPN pia haimzuii tapeli aliyekupigia akijifanya ni mfanyakazi wetu. Haizuii mtu kubadilisha laini yako kwa kitambulisho cha wizi. Na ukiandika PIN yako kwenye ukurasa bandia, handaki litaifikisha huko salama salimini.

Basi ni nani anayeihitaji? Ni mtu anayefanya kazi kwenye WiFi za watu wengine: mwenye duka anayefungua mahesabu yake kwenye laptopu akiwa saiba, ama dereva wa masafa anayelala hoteli tofauti kila usiku. Kama wewe hutumia bando ya laini yako na programu rasmi tu, hujakosa kitu kikubwa.

Kujenga handaki lako mwenyewe

Kama unaihitaji na unajua kompyuta kidogo, ama una kijana nyumbani anayejua, unaweza kuwa mwenye seva wewe mwenyewe. Sisi tunapenda WireGuard. Ni ya bure, kodi yake iko wazi kwa yeyote kuikagua, na tangu Machi 2020 imo ndani ya Linux yenyewe, kuanzia toleo la 5.6.

*Kwanza, kodi seva.* Seva ndogo yenye Ubuntu hugharimu karibu dola 4 hadi 6 kwa mwezi. Chagua iliyo karibu. Kampuni kadhaa zina seva Johannesburg, na umbali ukiwa mfupi kasi haipungui sana. Ingia kwa SSH ukitumia ufunguo, si nywila. Kumbuka kampuni unayokodi seva kwake nayo unaiamini, kwa hivyo chagua inayojulikana.

*Pili, weka programu.* Kwenye seva andika `sudo apt update`, halafu `sudo apt install wireguard`. Kwenye simu, chukua programu ya WireGuard kutoka Play Store ama App Store.

*Tatu, tengeneza funguo.* Kila upande una funguo mbili: wa siri na wa wazi. Wa wazi unampa mwenzako, wa siri haumpi mtu. Kwenye seva, `wg genkey` hutoa wa siri, na `wg pubkey` huugeuza kuwa wa wazi. Kwenye simu, tengeneza handaki jipya ndani ya programu na ubonyeze kitufe cha kuzalisha funguo. Hivyo ufunguo wa siri wa simu hautoki kwenye simu hata mara moja. Fundi akikuambia umtumie kwa WhatsApp, kataa.

*Nne, tambulisha pande mbili.* Kwenye seva, faili ya `/etc/wireguard/wg0.conf` inabeba ufunguo wa siri wa seva, anwani yake ya ndani kama `10.8.0.1/24`, na mlango wa kusikilizia, ambao kwa kawaida ni 51820. Chini yake weka ufunguo wa wazi wa simu pamoja na anwani ya simu, `10.8.0.2/32`. Kwenye simu fanya kinyume chake: anwani ya simu, ufunguo wa wazi wa seva, na anwani ya intaneti ya seva pamoja na mlango wake. Jaza pia DNS unayoiamini. Kwenye AllowedIPs andika `0.0.0.0/0, ::/0`, maana yake kila kitu kipite handakini.

*Tano, ruhusu seva kupitisha data.* Linux haipitishi data ya wengine mpaka iambiwe. Weka `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye mipangilio ya sysctl, ongeza kanuni ya iptables ya MASQUERADE ili data yako itoke kwa anwani ya seva, na ufungue UDP 51820 kwenye ukuta wa moto. Wengi hukwama hapa: handaki linawaka, lakini hakuna tovuti inayofunguka.

*Sita, washa na uhakikishe.* Kwenye seva, `sudo wg-quick up wg0`. Washa handaki kwenye simu, kisha andika `sudo wg show` kwenye seva. Ukiona wakati wa salamu ya mwisho kati ya pande mbili, mmeshikana mikono. Usipoona kitu, angalia kama mlango wa UDP umefungwa ama umechanganya funguo. WireGuard humnyamazia kabisa asiyemtambua, kwa hivyo usitarajie ujumbe wa kosa.

Handaki likishafanya kazi

Programu yetu ikiona umeingia kutoka nchi nyingine ghafla, inaweza kukuuliza maswali ya ziada ama kukusimamisha kidogo. Hiyo ndiyo kinga ambayo ilituwezesha kuzuia sehemu ya pesa za yule mteja. Kwenye Android, WireGuard inakuruhusu kuchagua programu zisizopita handakini; unaweza kuitoa yetu, kwa kuwa mawasiliano yake yamefungwa tayari.

Sasisha seva mara kwa mara. Simu ikipotea, futa ufunguo wake wa wazi kwenye faili ya seva siku hiyo hiyo, kisha uzime na kuwasha handaki upya.

Kama tayari uliweka VPN ya linki

Usianze kwa kuifuta. Anza kwa kutupigia kutoka simu nyingine, kwa namba iliyo kwenye tovuti yetu, ili tusimamishe akaunti. Kisha iondolee ile programu ruhusa ya ufikivu na ya SMS, halafu uifute. Ikikataa kufutika, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Mwisho kabisa, simu ikiwa safi, badilisha PIN na nywila zako. Ukizibadilisha kabla, utakuwa umemwonyesha tapeli zile mpya.

Yule mteja wetu bado anauza mitumba. Siku hizi hununua bando ya wiki, na programu ikiomba kusoma SMS zake, huuliza kwanza inazitakia nini. VPN ya kweli haizihitaji. Itakuomba ruhusa moja tu ya kuunganisha, na Android yenyewe itakuonya kwamba programu hiyo itaweza kufuatilia mtandao wako. Usilipite onyo hilo kwa haraka. Lisome, kisha jiulize kama anayeliomba unamjua.