Nguvu ya Injini Isitangulie Mizani Yake

Msimu wa karafuu unapowadia, barabara za Pemba huwa hazina usiku wala mchana. Kutoka Konde hadi Mkoani, honda, maana ndivyo wenyeji waitavyo kila pikipiki bila ya kujali imetoka kiwanda gani, hupanda na kushuka vilima zikiwa zimepakia wachumaji, pakacha na magunia, na mara nyingi vyote hivyo kwa pamoja. Unguja nako, kutoka Darajani hadi Makunduchi na Nungwi, vyombo vya maringi mawili vimekuwa miguu ya wananchi. Kwa vyombo hivyo mgonjwa hufikishwa hospitali, samaki hufika sokoni kabla hajaharibika, na kijana asiye na shamba wala ajira hupata chakula cha watoto wake.

Kwa sababu hiyo, habari ya injini ya pikipiki si mchezo wa vijana wapenda mwendo, bali ni habari ya riziki na ya roho za watu. Leo tunapenda kulizungumzia jambo moja ambalo linaenea katika karakana zetu, nalo ni tamaa ya kuiongezea injini nguvu kuliko ile iliyozaliwa nayo kiwandani.

Hivi karibuni tulisimama katika karakana moja mjini Chake Chake. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya kopo tupu la rangi, ameshika pistoni iliyotoboka katikati mithili ya senti kumi ya zamani. Miezi miwili tu nyuma alikuwa ametiwa silinda kubwa ili apande vilima akiwa na mzigo bila ya kurudi gia ya kwanza. Kwa wiki chache alifurahi, kisha injini ikaanza kugonga, ikapata moto kupita kiasi, na mwisho ikazima katikati ya mlima, na abiria mjamzito yuko nyuma. Alhamdulillahi, hapana aliyeumia. Lakini chombo hakikuwa mali yake, na mwenyewe anangoja hesabu yake ya kila siku kama kawaida.

Hatukusudii kumlaumu kijana yule. Haja yake ilikuwa ya kweli, kwani mlima ni mlima na gunia ni gunia. Tunachosema ni kwamba aliuziwa nguvu bila ya kuelezwa bei yake yote.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Injini nayo imeundwa kwa hesabu. Pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hupanda na kuigandamiza. Cheche ya plagi huiwasha, na mripuko huisukuma pistoni chini. Kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Nguvu yote hutoka katika ule mripuko mmoja, na ili mripuko uwe mwema, takriban sehemu 15 za hewa kwa uzito huhitaji sehemu moja ya petroli. Mwenye kutaka nguvu zaidi, basi, hana njia ila kuingiza mchanganyiko mwingi zaidi, au kuugandamiza zaidi, au kuifanya injini izunguke kwa kasi zaidi. Kila moja ya njia hizo ina gharama yake.

Tuchukue mfano wa injini ya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa makusudi ya kuhudumia nchi zinazoendelea. Wahandisi wake waliziendesha vali kwa vijiti vya kusukuma, badala ya mnyororo unaopanda hadi juu ya injini, ili chombo kistahamili vumbi, mzigo na uchache wa matunzo. Muundo huo umeigwa mno katika viwanda vya China, na kwa njia hiyo umeingia katika pikipiki nyingi zinazotumika Afrika ya Mashariki. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, hivyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 124. Fundi akiiondoa silinda hiyo na pistoni yake na kutia za milimita 62, huku mwendo wa pistoni ukibaki vile vile, ujazo hufika sentimita 149. Ni ongezeko la thuluthi moja? La, ni la sehemu moja katika tano. Hata hivyo si dogo, na dereva huliona mara moja anapoukabili mlima.

Lakini tazama yanayofuata. Ikiwa kichwa cha silinda ni kile kile cha zamani, mchanganyiko mwingi zaidi sasa unabanwa katika chumba kile kile kidogo. Injini iliyokuwa ikigandamiza kwa uwiano wa 9 kwa 1 hupita 10 kwa 1. Mgandamizo ukizidi kiasi, petroli huripuka ovyo kabla ya wakati wake, na hiyo ndiyo sauti ya kugonga aliyoisikia yule kijana. Tena, kabureta iliyopimwa kwa injini ndogo huenda isitoe petroli ya kutosha. Mchanganyiko ukawa na hewa nyingi na petroli chache, nao huwaka kwa joto kali mno. Mapezi ya kupozea ya kichwa cha silinda hayakuongezeka, na oili ni ile ile. Joto lisipopata pa kwendea, hula pistoni. Tundu tuliloliona lilikuwa ni hesabu iliyokosewa, wala halikuwa bahati mbaya.

Wako pia wanaodhani kwamba nguvu imo katika kelele. Hutoboa ekzosi au kuondoa matumbo yake ya ndani, na hutupa chujio la hewa ili injini ipumue. Kelele hupatikana, na usingizi wa wagonjwa na wazee hupotea, lakini nguvu ya kuvuta katika mwendo mdogo, ambayo ndiyo inayotakiwa mlimani, aghlabu hupungua. Na chujio likishaondolewa, vumbi la njia zetu za kifusi cha mawe ya matumbawe huingia moja kwa moja katika silinda, likasaga ringi za pistoni kama msasa. Mwenye kufanya hivyo ameuza uhai wa injini kwa sauti.

Juu ya yote hayo, kuna breki. Nguvu ya chombo kilicho katika mwendo haiongezeki sawa kwa sawa na mwendo wenyewe, bali kwa mraba wake. Pikipiki iliyozoea kilomita 60 kwa saa ikienda 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, ilhali nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu, na masafa ya kusimama hurefuka kwa kiasi hicho hicho. Hatujasikia fundi aliyetia silinda kubwa akamwambia mteja wake kwamba sasa breki, mipira na miguu ya mbele nayo itazamwe. Hapo ndipo msemo wa tamaa mbele, mauti nyuma unapopata maana yake kamili.

Je, tuwaambie vijana wavumilie tu? Hasha. Tunasema kwamba njia ya kwanza ya kuiongezea injini nguvu ni kuirudishia ile iliyoipoteza. Pikipiki nyingi zinazolalamikiwa kuwa dhaifu si ndogo, bali ni gonjwa. Ringi zimekwisha na mgandamizo unavuja, chujio limeziba, plagi imechakaa, mwanya wa tapeti, ambao haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, umeachwa ukawa mkubwa au umefungwa kabisa, klachi inateleza, cheni imekauka kwa chumvi ya hewa yetu ya bahari, breki zimekaza na kuivuta ringi nyuma, na oili imekuwa nyeusi kama lami. Fundi mwaminifu akiyatengeneza hayo moja baada ya jingine, mwenye chombo atadhani amenunua pikipiki mpya.

Njia ya pili ni ya gia. Anayetaka kupanda mlima na mzigo anahitaji msukumo kwenye ringi la nyuma, wala si lazima aguse injini. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42. Uwiano wao ni 2.8. Ikitiwa ya mbele yenye meno 14, uwiano huwa 3.0, na msukumo huongezeka kwa asilimia 7. Chombo kitapungukiwa kidogo na mwendo katika tambarare, lakini mlimani kitapanda kwa wepesi zaidi, injini yake ikiwa salama. Bei ya kipande hicho cha chuma haiwezi kulinganishwa na bei ya silinda, pistoni na kichwa cha injini.

Iwapo baada ya hayo mtu bado anaona haja ya silinda kubwa, basi na aifanye kazi nzima, asifanye nusu. Silinda na pistoni zipimwe kwa maikromita, zisikisiwe kwa jicho. Mgandamizo urudishwe katika kiasi chake. Jeti ya kabureta ibadilishwe ipatane na injini mpya, na rangi ya plagi ichunguzwe baada ya safari. Injini ilainishwe kwa mwendo wa taratibu kabla ya kubebeshwa mzigo. Breki zifanywe imara kwanza, kabla ya injini. Na kadi ya chombo isiachwe ikisema 125 huku barabarani inakwenda 150, kwani siku ya ajali maneno ya karatasi ndiyo yatakayoulizwa, na atakayepata dhiki ni yule aliyeumia pamoja na mwenye chombo ambaye pengine hakuambiwa lolote.

Hapa tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali. Ni rahisi kuweka askari barabarani na kukamata vyombo vyenye kelele, na pale sheria inapovunjwa hilo lifanyike bila ya upendeleo. Lakini kukamata peke yake hakumfunzi fundi. Mafundi wetu wengi wamejifunza kwa kutazama, nao wana mikono hodari inayostahili heshima. Walichokosa ni vipimo na elimu ya hesabu iliyo nyuma ya kazi yao. Vituo vya mafunzo ya amali viwafungulie milango hata wale wasio na vyeti vya skuli, kwa masomo mafupi ya jioni, ili fundi asilazimike kufunga karakana yake apate kusoma. Ukaguzi wa vyombo usiwe wa kutazama taa na honi tu, bali uangalie pia breki na ujazo wa injini. Na vipuri vinavyoingia bandarini vichunguzwe, kwa sababu pistoni mbovu haina tofauti na dawa mbovu: zote mbili hununuliwa kwa nia njema na kumwangusha mtu njiani.

Wenye vyombo nao wasijivue lawama. Yule anayedai hesabu kila jioni asiyetoa fedha ya oili kila inapofika wakati wake ndiye anayemsukuma kijana kutafuta nguvu kwa njia za mkato. Atenge sehemu ya hesabu hiyo kwa matengenezo, na aijue karakana inakofunguliwa injini yake.

Kwa vijana tuna neno moja la mwisho. Abiria anapopanda nyuma yako amekupa amana, na hakuna amana iliyo kubwa kuliko roho. Yule mama aliyesimamishwa mlimani hakuuliza injini ina sentimita ngapi, alitaka kufika. Chombo kinachopanda polepole na kufika kila siku kina nguvu kuliko kile kilichopanda kwa kishindo mara moja, kisha kikasukumwa kwa mikono hadi karakanani.